Neno la Kando Siku ya Posa

Nianze na upumbavu wenyewe, maana nikiuweka mwisho utafikiri ulikuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa. Siku watu walipokuja nyumbani kwetu kwa posa ya dada yangu, wakubwa wamekaa kwa adabu zao na vikombe vya kahawa mkononi, mimi niligeuza shingo, nikainua kiganja mpaka shavuni, nikasema kwa sauti ya jukwaani jambo ambalo nusu ya nyumba ilikuwa inalijua na hakuna aliyekuwa amelitamka. Kisha nikarudisha shingo mahali pake, nikatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Nilikuwa na hakika kuwa hakuna atakayenisikia. Ndivyo kanuni inavyosema. Katika michezo ya kuigiza ya Kiingereza cha zamani, mtu akigeuka upande na kuinua mkono namna ile, maneno yake ni ya watazamaji peke yao, na wenzake jukwaani hawasikii kitu hata wakiwa wamesimama naye bega kwa bega. Na kuhusu kanuni za michezo hiyo, wakati ule hakukuwa na mjuzi kama mimi kutoka Tiwi mpaka Lunga Lunga. Sijisifu. Nataja jiografia tu.

Ujuzi huo niliupata kwa mwalimu wetu wa Kiingereza, mama mmoja kutoka bara ambaye muhula wake wa kwanza hapa Kwale alikuwa akiitikia shikamoo zetu kwa "salama tu". Ana moyo mzuri na sauti ya kengele. Msimu wa tamasha la michezo ya kuigiza ulipokaribia, shule nyingine zikiandaa michezo yao ya kila mwaka ya dawa za kulevya na mimba za mapema, yeye alituletea mchezo alioutunga mwenyewe kuhusu tajiri mmoja wa chumvi, anayeifungia chumvi yake ghalani ili watu wa mji waje wamlambe miguu. Mpaka hapo hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba alikuwa ameutunga kwa mashairi, na kwa Kiingereza cha zama zile Wazungu walipokuwa wakivaa soksi mpaka magotini na kuapa kila baada ya sentensi.

Siku ya kwanza tulisoma kama watu wanaotafuna changarawe. Utajiri wa chumvi alipewa rafiki yangu mmoja wa Ukunda, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka bara na hakuna sentensi yake inayotoka bila Sheng. Alisoma mistari michache akaiweka karatasi chini.

"Madam, na heshima zote," akasema, "hii English ni ya wasee walishakufa."

Madam akamjibu kuwa ndiyo, walishakufa, na ndiyo maana hawawezi kuja kumsomea, asome mwenyewe.

Mimi nilipewa mtumishi wa yule tajiri. Katika kila mchezo wa aina ile kuna mtu mmoja wa chini ambaye kazi yake ni kubeba sinia na kusema upuuzi, na darasa zima lilikuwa limenigeukia kabla Madam hajauliza nani anaitaka nafasi hiyo. Hakuna aliyejadili.

Sasa, watu husema Kiingereza kile ni kigumu. Si kigumu. Ni cha watu wenye heshima nyingi na matusi mengi, yaani watu kama sisi. Madam hakutugawia kamusi. Alikuwa na swali moja alilolirudia mpaka tukaliota: nani anamwambia nani?

Chukua neno *thou*. Sote tulidhani ni neno takatifu, kwa sababu rafiki yangu alikuwa amelisikia katika sala za bibi yake kanisani, akashikilia kuwa ni la kumwitia Mungu. Madam akatuambia tupitie mchezo mzima tuone nani anamwita nani hivyo. Tukapitia. Tajiri anamwita mtumishi. Mama anamwita mwanawe. Wapenzi wanaitana wakiwa peke yao. Walevi wawili wanaitana kabla hawajapigana. Lakini mtumishi, yaani mimi, simwiti tajiri hivyo hata mara moja. Kwangu yeye ni *you* siku zote, hata ninapomdanganya. Ndipo likafunguka. Ni neno la karibu. Ukaribu ndio unaoamua kama ni mapenzi au dharau, na Mungu kaingia humo kwa kuwa yuko karibu kuliko wote. Mtoto wa pwani haelezwi jambo hili mara mbili. Amekua akijua kuwa ukimwambia mtu mzima "we" kabla hujamwamkia, unaweza kupata kofi kwa mtu usiyemjua, na mama yako akamshukuru.

Nililijaribu neno lile siku ileile kwenye foleni ya chakula. Nilimwita kiranja wetu *thou*, nikaongeza na maneno mengine niliyoazima kwa walevi wale wawili, huku nimeinamisha kichwa na kutabasamu. Akanishukuru, akanisogeza mbele.

Tukaendelea hivyo. *Anon* maana yake ni sasa hivi, lakini ile sasa hivi ya mwenye bodaboda anayekwambia amefika kwenye kona na wewe kwenye simu unasikia maji yakimwagika, bado anaoga. *Wherefore* si kuuliza mtu yuko wapi, kama nusu ya dunia inavyodhani. Ni kuuliza kwa nini. *Hath* na *doth* ni *has* na *does* waliovaa kilemba, basi. Hapo aliyetusaidia alikuwa msichana mmoja wa darasa letu, bingwa wa mashairi ya Kiswahili, ambaye ndiye aliyeigiza binti wa tajiri. Alisema mashairi ya zamani ya kwetu nayo husema "ndoo" na kumaanisha njoo, na hakuna anayeyaita magumu. Watu huyaita matamu. Na *coz*, ambalo Waingereza wale walimwitia binamu, mpwa, shemeji na yeyote aliyewahi kula kwao, halikuhitaji maelezo. Kwetu ukitaka kujua hasa nani ni binamu yako na nani si binamu yako, inabidi uchukue likizo.

Kazi ilikuwa kwenye mapigo. Kila mshororo ulikuwa na mizani kumi, moja nyepesi, moja nzito, hivyohivyo mpaka mwisho. Kuna mgeni anayekuja kumsifu tajiri kwa kusema, *My lord hath salt enough to drown the sea*, yaani bwana wangu ana chumvi ya kuizamisha hata bahari. Ulimi wetu umezoea kuegemea silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, kwa hiyo tulikuwa tukiuvunja mshororo ule vipandevipande kama muhogo mkavu. Mimi ndiye niliyeupata kwanza, na sikuupata kwa akili bali kwa masikio. Nilimkumbuka jirani yetu akitwanga mpunga: mchi unapanda kimya, unashuka kwa kishindo, unapanda kimya, unashuka kwa kishindo. Nikapiga meza hivyo, darasa likafuata. Tulitwanga Kiingereza muda wa wiki nzima mpaka mwalimu wa Hesabu akaja kutoka darasa la jirani kuuliza kama kuna arusi.

Bingwa wa mashairi hakuridhika. Mizani aliikubali, lakini vina hakuviona. Akamweleza Madam kwa upole kuwa kwetu shairi likikosa vina huitwa guni, na guni halipelekwi mbele za watu. Madam hakuwa amewahi kulisikia neno hilo. Alilifurahia kama mtu aliyeokota pete, akasema watunzi wale waliviacha vina kwa makusudi, ili mtu jukwaani aonekane anazungumza tu, na huku sikio lako linatwangiwa bila wewe kujua. Bingwa akasema amefahamu, na hata hivyo ni guni. Mpaka leo hawajaafikiana, na mimi siingilii ugomvi wa wakubwa.

Niliuliza langu. Nilitaka kujua kwa nini tajiri, binti yake na wageni wote wanasema kwa mizani, na mimi mtumishi nimeandikiwa nathari, maneno ya kawaida kama ya mtu anayeagiza chai. Madam akasema ndivyo ilivyokuwa. Mabwana walipewa mapigo, watumishi na wachekeshaji hawakupewa. Kisha akafikiri kidogo, akasema pengine ndiyo maana wanaweza kusema kweli ghafla, kwa kuwa hawana haja ya kungoja mshororo utimie. Nikaondoka pale nikiwa nimeringa kabisa.

Na ndipo tukafika kwenye lile jambo lililoniponza. Karibu na maneno yangu mengi Madam alikuwa ameandika *aside*. Ni agizo kwa mwigizaji: sema kando. Alinionyesha namna ya kufanya. Unageuza shingo, unainua kiganja karibu na shavu, unawaambia watazamaji kile unachokifikiri kweli, halafu unarudi kwa bwana wako na uso wa unyenyekevu. Rafiki yangu, aliyekuwa amesimama hatua moja kutoka kwangu kwenye joho lake la pazia kuukuu, alikataa kabisa.

"Madam, huyu ananitusi hapa kando yangu na mimi nisimame tu? Mimi ni kiziwi?"

"Wewe si kiziwi," Madam akamwambia. "Mmekubaliana."

"Na nani?"

"Na kila mtu aliyemo humu ndani."

Rafiki yangu akasema hakumbuki kikao hicho. Mimi nikasema nakikumbuka vizuri, na kwamba alipiga kura.

Tuliujaribu mchezo mbele ya watu katika shule moja ya msingi kule Tiwi, Jumatano ya wiki ileile ya posa. Watoto walikaa chini, na nyuma walisimama wazazi wachache waliokuja kuwachukua watoto wao wakavutwa na kelele. Tajiri alipoanza kuapa kuwa ghala lake ni tupu, nikageuza shingo, nikainua kiganja, nikawaambia watazamaji kuwa ghala limejaa mpaka panya wanakufa kwa kiu. Mama mmoja kule nyuma, ana mtoto mgongoni, akanijibu kwa sauti: "Mwambie, mwanangu, mwambie." Sidhani kama alifahamu neno hata moja la Kiingereza changu. Aliufahamu mkono. Watoto wakacheka, nami nikarudi kwa bwana wangu, na rafiki yangu masikini akalazimika kutonisikia mimi, kutomsikia na yule mama.

Kuanzia hapo nilivimba. Nilijiona nimepewa kitu ambacho wenzangu hawana, pembe ya dunia ambamo mtu anaweza kusema kweli yote na asidhurike.

Sasa habari za nyumbani. Dada yangu anasomea uuguzi Msambweni, na wakati ule alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Aliyemposa ni kijana anayefanya kazi jikoni katika hoteli moja huko Galu. Sina neno naye. Ni mtu mwema, kosa lake pekee ni kwamba hucheka vichekesho vyangu kabla sijafika mwisho. Dada anampenda. Watu wake walikuwa wameshakuja mara ya kwanza, dada akaulizwa, akakubali, jibu likapelekwa. Jumamosi ile walikuwa wanakuja mara ya pili, kupanga arusi iwe lini. Na kila mtu alishajua, kwa njia ambazo mambo hujulikana, kuwa wanataka iwe kabla ya mwezi wa Ramadhani, yaani karibu mno.

Ugumu wake ulikuwa hapo. Dada akishaolewa atahamia kwao mume, na ukweni kuna kazi zake, kuna wakwe, kuna mimba. Binamu yetu mmoja, binamu wa kweli, aliolewa akiwa chuoni akaacha kwa muda tu, apumzike. Muda huo haujaisha mpaka leo, na sasa wanawe wawili wanasoma.

Mama alilijua hilo. Dada alikuwa amemwambia, na mama akamjibu kuwa siku ya arusi hupangwa na wakubwa, msichana haiulizii. Haikuwa ukatili. Yeye na mama wa yule kijana wamekula sahani moja tangu wangali wasichana, na mama aliona haya kuonekana anaweka masharti mbele ya mwenzake, kama mtu anayeuza. Baba, ambaye kazi yake ni ya malori kule mpakani na huja nyumbani mwisho wa wiki, hakuwa na habari, kwa sababu hilo si jambo binti anamwambia baba yake. Basi likabaki linazunguka nyumbani kama paka, kila mtu analiona, hakuna anayelifukuza.

Ijumaa dada alikuwa uani anakuna nazi. Nilikuwa na haja ya mtu wa kunisomea maneno ya tajiri nipate kufanya mazoezi, akakubali nimwekee karatasi chini ya goti, asome huku mikono ikiendelea. Anasoma vizuri, kuliko rafiki yangu. Tulipofika penye kusema kando akaniuliza nafanya nini na mkono ule. Nikamweleza kanuni yote, na jinsi yule tajiri asivyosikia.

"Ningeipata hiyo kesho, ningekuwa mtu," akasema.

Nikamuuliza angesema nini.

Mikono ikasimama. "Ningesema nimekubali kuolewa," akasema. "Kuacha chuo sijakubali." Kisha akaendelea kukuna, akanihimiza niendelee, nisisimame kama santuri iliyokwama.

Hakuniomba chochote. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye kuna watu walisema alinituma.

Jumamosi baada ya alasiri wakaja. Mjomba wangu, ndugu wa mama, ndiye aliyekuwa msemaji wetu, na kwetu katika mambo ya ndoa neno la mjomba lina uzito wake. Ndiye pia aliyesema kuwa nimeshakuwa mkubwa, nikae na wanaume. Nikakaa mkekani karibu na mlango wa ndani, wenye pazia, na nyuma ya pazia wakakaa mama, dada na wanawake wengine. Upande wa pili msemaji alikuwa ami wa bwana arusi, mtu mnene mwenye tabia ya kuivua kofia kila anapotaka kufikiri na kuivaa akishapata jibu.

Wallahi, nilistarehe. Nilikuwa nimeishi miaka yote hii katika nyumba yenye lugha ile na sikuwahi kuisikia. Ami alisema: mara ya kwanza tulibisha mkatufungulia, leo tumekuja kuuliza tuingie lini. Mjomba akasema: mlango u wazi, na mwenye nyumba haachi wageni kizingitini. Hakuna aliyetaja arusi. Hakuna aliyemtaja dada. Nilikuwa napiga kidole gotini kimyakimya, na nakuapia kulikuwa na mizani. Wale walikuwa mabwana, wanasema kwa mapigo. Nikajitazama mimi, nikaona wazi mtumishi ni nani.

Ami akavua kofia, akaivaa. Akasema kwa upole mkubwa kuwa wao wangependa mwezi mtukufu uwakute wameshamaliza shughuli. Mjomba akamtazama baba, baba akatazama mkeka. Mama akakohoa nyuma ya pazia, kikohozi kisicho na kifua. Dada hakusema kitu.

Kwetu kimya cha msichana huhesabiwa kuwa ndiyo. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu na kimya kile jana yake, kikikuna nazi, na hakikuwa ndiyo. Mjomba akafungua mdomo kusema kuwa hakuna pingamizi. Nililiona neno linavyopanda kooni.

Nikageuza shingo kwenye pazia. Nikainua kiganja.

"Ameulizwa kama anataka kuolewa, akasema ndiyo," nikasema. "Hajaulizwa kama anataka kuacha chuo, na mwaka mmoja tu umebaki."

Nikarudi mbele.

Basi usiniulize nilitegemea nini. Nilichokiona ni kwamba hapakutokea kitu. Mjomba aliufunga mdomo wake, akainama kuchukua tende. Baba aliinua macho akatazama feni, ambayo haikuwa inazunguka. Ami alikinywa kikombe chake, nami nilikuwa nakiona, kilikuwa kitupu. Alimeza hewa, akaifurahia. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Hakuna hata aliyeharakisha kutonitazama. Rafiki yangu na joho lake la pazia angewaona wazee wale angeacha kuigiza akauze maji.

Nilifahamu wakati huo jambo ambalo Madam alikuwa amelisema na mimi nikalifanyia mzaha. Yule tajiri wa jukwaani anasikia. Anasikia kila neno. Amekubali tu kuwa hakusikia, ili mchezo uendelee, na kukubali kwenyewe ni kazi kubwa kuliko kusema. Mimi nilidhani nimepewa mahali pa kusema bila kudhuru. Kumbe nilikuwa nimewatwika watu wazima wote mle ndani mzigo wa kunisitiri.

Ami akavua kofia. Safari hii alikaa nayo mkononi muda mrefu. Akaanza kueleza habari za minazi yake, kama mtu aliyekumbuka tu. Akasema ana mkwezi mmoja mwenye haraka, ukimwacha atakuangushia hata vidaka, vile vichanga visivyo na maji.

"Juzi nimemwambia, koroma usiliguse," akasema. "Dafu limeshapita, nazi halijawa. Ukiliangusha hulinywi, hulikuni. Liache juu lifike."

Mjomba akatafuna tende yake mpaka mwisho. "Na mwenye mnazi anaweza kungoja?"

"Mnazi hautembei," ami akasema, akavaa kofia.

Hapo baba, ambaye alikuwa hajasema lolote tangu salamu, akasema kuwa mwakani baada ya Idi pangekuwa pazuri, hata barabara zitakuwa zimekauka. Mjomba akasema barabara ni jambo la kuangaliwa sana. Wakakubaliana juu ya barabara. Ikasomwa fatiha, na nyuma ya pazia nikasikia mtu akivuta pumzi kama aliyekuwa chini ya maji.

Kiingereza kile kina neno moja la watu wote kutoka jukwaani kwa pamoja, *exeunt*. Waliolitunga hawajawahi kusindikiza wageni wa pwani. Hawa waliaga sebuleni, wakaaga ukumbini, wakaaga penye viatu. Ami alikuwa wa mwisho kuvaa vyake, na nilipompa bakora yake nikamwamkia tena kwa hofu, akaitikia marahaba akanishika bega. Akaniuliza kama shule inakwenda vizuri. Nikasema inakwenda.

"Una sauti nzuri," akasema. "Ungefaa kuadhini. Ila adhana, baba, ina wakati wake."

Akaenda zake. Mjomba hakunisemesha, alinipita tu akalivuta sikio langu bila kusimama, kama anavyojaribu mtu embe kama limeiva. Baba alikwenda kuoga ajitayarishie magharibi. Nilibaki ukumbini nimesimama na viatu vyangu, nimeshinda na nimeaibika kwa pamoja, hali ambayo Madam hajatufundisha jina lake.

Ndipo mama akaniita jikoni. Alikuwa amenipa mgongo, anapakua wali. Hakugeuka mpaka sahani ilipojaa, na alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu, na sikuweza kujua kwa moshi au kwa mimi. Nikafungua mdomo nijitetee, akainua upawa, nikaufunga. Alisema hivi, neno kwa neno:

"Usinichekee. Yale yalikuwa ya kusema mimi. Mimi ndiye niliyeshindwa, si wewe uliyeweza. Nitamwendea mwenzangu kesho nikamwombe radhi, na wewe utanifuata na kikapu nyuma, utanyamaza. Sasa mpelekee dada yako wali huu ungali moto, tangu jana hajala. Umkalie mpaka amalize, halafu urudi uoshe vikombe."